Homoni ya Moyo, Jina la Ubongo

Miguu ya shosho ilivimba hadi viatu vikakataa. Daktari akaagiza kipimo cha damu, BNP. Kusikia bei, tukatazamana. Tukachanga.

Chuo niliacha, kusoma sijaacha. Mwaka 1981, Kanada, Adolfo de Bold na wenzake waliwadunga panya majimaji yaliyotolewa kwenye vyumba vya juu vya moyo wa panya wengine. Wakakojoa chumvi na maji balaa! Kumbe moyo si pampu tu, unatoa homoni. Mwaka 1988 Wajapani wakapata ndugu yake kwenye ubongo wa nguruwe, wakaiita ya ubongo. Jina likakwama, ingawa hutoka hasa moyoni: kuta zikilemewa na kuvutika, huimwaga zaidi. Kadiri moyo unavyochoka, ndivyo kiwango kinavyopanda.

Cha shosho kilikuwa juu sana. Nikamwambia moyo wake umekuwa ukilalamika kwa damu.

“Na mimi nikidhani ni viatu,” akasema.