Neno la leo: Singidani

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Kindai na Singidani. Jina hili la pili linanivutia kila ninapolisikia. Kiambishi -ni hupenda nomino za kawaida: nyumbani, shambani, ziwani. Majina ya miji hayakitaki. Hatusemi Dodomani wala Taborani. Kwenye Singida kimekaa, kikatulia.

Tena sarufi yote ya mahali unaiona ukisimama ufukweni: Singidani pana miamba mikubwa, kuna heroe wenye miguu mirefu na manyoya ya waridi, mna maji ya chumvi. Pa, ku, mu.

Wenyeji, Wanyaturu, lugha yao huiita Kirimi. Tuwafundishe watoto majina haya. Ukiyapoteza, umepoteza mji.