Mbaruk wa Gazi, Mbaruk wa Takaungu

Asomaye habari za vita vya Wamazrui vya 1895 kwa mara ya kwanza hukwama pale Mbaruk bin Rashid anapokimbilia kwa Mbaruk bin Rashid. Atadhani mpiga chapa kakosea. Hakukosea. Hao ni watu wawili, wajina, tena wa ukoo mmoja, huo wa Wamazrui.

Pwani mtoto huitwa jina la babu yake, na babu naye aliitwa la babu yake, basi majina huzunguka humo humo. Ukitaka kuwatenga watu, ingia hadi jina la tatu: mmoja alikuwa bin Rashid bin Salim, mwenziwe bin Rashid bin Khamis. Waingereza hawakuwa na subira ya nasaba. Wakawatenga kwa miji, Mbaruk wa Gazi na Mbaruk wa Takaungu.

Yule wa Gazi ndiye mkubwa wa kisa. Babake alikuwa liwali wa mwisho wa Wamazrui Mombasa, aliyekamatwa na Sultani wa Zanzibar, Sayyid Said, mwaka 1837. Mwana aliukulia uchungu huo. Alikaa Gazi, kusini mwa Mombasa, akapigana na majeshi ya Zanzibar miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, kamanda wa Sultani Barghash, alimfuata hadi ngomeni kwake Mwele.

Fitina ya 1895 ilianzia kaskazini. Mtawala wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Mbaruk wa huko, mtoto wa nduguye, aliona kiti ni chake. Kampuni ya Uingereza iliyoendesha pwani ikamtaka kijana wa marehemu, na jina lake, kama hujachoka, ni Rashid bin Salim. Ndilo jina lile lile la liwali wa 1837! Rashid mmoja ni baba wa Mbaruk wa Gazi, Rashid mwingine ni mpinzani wa Mbaruk wa Takaungu. Namhurumia karani aliyenakili barua za Sir Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza Zanzibar.

Aliposhindwa, Mbaruk wa Takaungu akateremkia Gazi. Hapo mzee alikuwa na la kupoteza, kwani kampuni ilikuwa ikimpa posho. Lakini kumtoa jamaa aliyekwisha ingia nyumbani, ampeleke kwa Wazungu, angeishi vipi na watu wake? Alikataa. Wakati huo huo, tarehe 1 Julai, serikali ya Uingereza ikaipokea pwani kutoka kwa kampuni, ikaurithi na ugomvi wake. Agosti, Admeri Rawson aliivunja Mwele. Ndiye Rawson aliyelipiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar mwaka uliofuata.

Vita vikaingia vichakani hadi Aprili 1896, Mbaruk wa Gazi alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na mji uliompa jina la kumtofautisha na mgeni wake.