Roketi za Ghuba ya Ungwana

Ukitoka Garsen kwenda Malindi, ukishafika Marereni unaanza kuona mashamba ya chumvi yaking'aa upande wa bahari. Mbele kidogo, Gongoni, kuna njia ya kushoto inayokuingiza Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Ukisimama ufukweni hapo utaona majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu mirefu. Ghuba hiyo ni Ungwana, ile ile ambayo Mto Tana huimwagia tope lake kule Kipini.

Mwaka 1962 Italia na Marekani zilipatana: Waitaliano watafute mahali na wajenge jukwaa, Wamarekani watoe roketi. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alitaka ikweta, na ghuba hii iko karibu digrii tatu tu kusini yake. Roketi ikielekea mashariki husukumwa pia na mzunguko wa dunia, na ikianguka, inaangukia bahari tupu. Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa la kuchimbia mafuta. Likageuzwa chumba cha kuongozea. Roketi ilirushwa kutoka jirani yake, San Marco, na nyaya za kuyaunganisha majukwaa hayo mawili zikapitishwa chini ya maji.

Roketi yenyewe iliitwa Scout: vipande vinne vya fueli kavu, urefu wa mita 23 hivi. Iliunganishwa ikiwa imelazwa ndani ya kibanda, kisha ikasimamishwa siku ya kurushwa. Tarehe 26 Aprili 1967 ilipandisha setilaiti iitwayo San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilipandisha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za nyota. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeiongoza kazi yake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Habari za Ngomeni husimuliwa kama za Waitaliano, na ni haki yao. Lakini Scout ilitoka Dallas, Texas, na huko mambo hayakutulia. Chance Vought, kampuni iliyopewa kazi ya kuiunda, ilimezwa mwaka 1961 na kampuni ya James Ling, tajiri aliyependa kununua kampuni kuliko kuziendesha. Ikazaliwa Ling-Temco-Vought, yaani LTV. Ikanunua viwanda vya chuma, na chuma ndicho kilichoizamisha: Julai 1986 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Kwa hiyo Scout ya tisa na ya mwisho kuruka Ungwana, Machi 1988, ilikuwa bidhaa ya kampuni iliyofilisika.

Mwaka 1992 LTV ikagawanywa. Upande wa ndege ulikwenda kwa Northrop na Carlyle. Upande wa makombora ukachukuliwa na Loral, ambayo nayo iliuza biashara yake ya ulinzi kwa Lockheed Martin mwaka 1996. Mikono ilibadilika mbali sana na ghuba, na hakuna mnunuzi aliyekuja kurusha setilaiti nyingine kutoka San Marco.

Kituo cha nchi kavu Ngomeni bado kinapokea ishara za setilaiti. Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuipiga dunia picha, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX, kutoka Vandenberg, California.