Hakimu Jacob Trieber na mabishano juu ya maana ya utumwa

Katika historia ya mahakama za Marekani, majina yanayotajwa sana ni ya mahakimu wa Mahakama ya Juu. Mahakimu wa shirikisho wa ngazi ya kwanza, walioketi katika miji ya majimbo, hutajwa kwa nadra, ijapokuwa ndio waliowasikiliza mashahidi ana kwa ana na ndio waliolazimika kuzipa sheria maana yake ya kwanza. Mmoja wao ni Jacob Trieber, hakimu wa shirikisho katika eneo la mashariki ya jimbo la Arkansas tangu 1900 hadi kufa kwake 1927. Makala haya yanachunguza hasa uamuzi wake wa 1903 juu ya neno "utumwa" katika Katiba ya Marekani, na mambo yaliyoupata uamuzi huo baadaye.

Trieber alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1853 katika mji wa Raschkow, uliokuwa chini ya Prussia na ambao leo umo nchini Polandi. Jamaa yake, waliokuwa Wayahudi, walihamia Marekani 1866 wakafikia St. Louis. Mwaka 1868 walihamia Helena, mji ulio kando ya mto Mississippi katika wilaya ya Phillips, Arkansas. Kijana huyo alifanya kazi dukani, akajifunza sheria kwa wakili mzoefu, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1876. Alijiunga na chama cha Republican, ambacho wakati ule ndicho kilichotegemewa na wapiga kura weusi wa Kusini. Mwaka 1897 alifanywa mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho, na mwaka 1900 Rais William McKinley alimteua kuwa hakimu. Trieber ndiye Myahudi wa kwanza kushika cheo cha hakimu wa shirikisho.

Arkansas ya wakati huo ilikuwa imekwisha kuwanyang'anya raia weusi sehemu kubwa ya sauti yao. Sheria ya uchaguzi ya 1891 na kodi ya kura ya 1892 ziliwapunguza sana kwenye vituo vya kupigia kura. Juu ya hayo, makundi ya wazungu yaliyojulikana kwa jina la "kofia nyeupe" yalizunguka mashambani na viwandani, yakiwatisha weusi waache mashamba waliyoyakodi au kazi walizoajiriwa. Mwaka 1903 kesi mbili za namna hiyo zilifika mbele ya Trieber. Katika ya kwanza, washtakiwa walidaiwa kula njama ya kuwafukuza wakulima weusi katika ardhi waliyoikodi. Katika ya pili, wengine walidaiwa kuwalazimisha wafanyakazi wanane weusi waache kazi katika kiwanda cha kupasulia mbao huko White Hall, wilaya ya Poinsett.

Ugumu wa kisheria ulikuwa huu. Rekebisho la 14 la Katiba linaikataza serikali ya jimbo kuwanyima watu usawa, lakini halimgusi mtu binafsi. Rekebisho la 13, lililokubaliwa 1865, linakomesha utumwa popote ulipo, awe anayeuendesha ni serikali au ni mtu. Kwa hiyo serikali ya shirikisho ingeweza kuwashtaki watu wa kofia nyeupe kwa njia hiyo ikiwa tu matendo yao yangehesabiwa kuwa sehemu ya utumwa.

Trieber alikubali kwamba yanahesabika. Hoja yake ilitoka katika historia. Mtumwa hakuweza kukodi ardhi wala kufanya mapatano ya kazi kwa hiari yake. Haki hizo mbili ndizo zilizomtenga na mtu huru. Anayemzuia mtu kuzitumia kwa sababu ya rangi yake anamrudishia sehemu ya hali ile ile iliyokomeshwa 1865. Aidha, Bunge lilikuwa limekwisha kuzitaja haki hizo katika sheria ya haki za raia ya 1866. Kesi ziliendelea, na katika ile ya kiwanda washtakiwa watatu, akiwamo Reuben Hodges, walitiwa hatiani.

Walikata rufani. Mwezi Mei 1906 Mahakama ya Juu, kwa mahakimu saba dhidi ya wawili, ilitangua hukumu hiyo. Hakimu David Brewer, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alikwenda kwenye kamusi ya Webster. Humo utumwa ni hali ya mtu kuwa chini ya utashi wa mwingine kabisa. Wafanyakazi wa White Hall walitishwa, lakini hawakumilikiwa na mtu; basi, kwa maoni yake, kosa hilo lilikuwa la kawaida, na kulishughulikia kulikuwa juu ya jimbo. John Marshall Harlan na William Day walipinga. Matokeo yake ni kwamba waliofukuzwa kazini walirudishwa kutafuta ulinzi kwa serikali ya jimbo ambayo wao walikuwa hawana nguvu ya kuichagua.

Mabishano hayo yana faida kwa wanafunzi wa lugha vilevile. Brewer alichukua maana ya neno kama ilivyofupishwa na mtunga kamusi. Trieber aliuliza neno lilibeba mambo gani katika maisha ya watu wakati lilipoandikwa katika sheria. Kiswahili chenyewe kinaelekea upande wa swali hilo la pili: "mtumwa" limetokana na kitenzi "kutuma", nalo kwa asili yake halisemi habari ya kununuliwa, bali ya mtu anayekwenda na kutenda kwa amri ya mwingine.

Isidhaniwe kwamba Trieber alitaka tu kuipanulia serikali ya shirikisho mamlaka yake. Mwaka 1914, katika kesi ya Shauver, aliamua kwamba sheria ya shirikisho ya 1913 ya kuwalinda ndege wahamao haikuwa na msingi katika Katiba. Serikali ililazimika kutafuta njia nyingine, ikafanya mkataba na Uingereza kwa ajili ya Kanada mwaka 1916. Hakimu huyo hakuona katika Katiba mamlaka ya shirikisho juu ya ndege. Mamlaka juu ya utumwa aliyaona wazi, akayatumia.

Mwaka 1919, katika wilaya ile ile ya Phillips alikokulia, wakulima weusi wa Elaine waliunda chama ili wapate malipo ya haki kwa pamba yao. Wengi waliuawa na makundi ya wazungu, na weusi 12 walihukumiwa kifo katika kesi zilizoendeshwa kwa haraka kubwa. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kesi iliyotawaliwa na vitisho vya umati si kesi ya haki, na hatimaye wote 12 waliachiliwa. Hata hivyo, tafsiri ya Brewer ilibaki pale pale.

Trieber alifariki tarehe 17 Septemba 1927. Mnamo Juni 1968, katika kesi ya mume na mke walionyimwa kununua nyumba karibu na St. Louis kwa sababu ya rangi, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya 1866 inawafunga hata watu binafsi, na kwamba Rekebisho la 13 linaliruhusu Bunge kuziondoa alama zote za utumwa. Uamuzi wa 1906 ulitupwa katika tanbihi ya hukumu hiyo. Hesabu ya kura ilikuwa ile ile, saba kwa wawili. Fikra ambayo Trieber aliitamka 1903 ikawa sheria ya nchi miaka 65 baadaye, ambapo wafanyakazi wa White Hall hawakuweza tena kunufaika nayo.