Nyimbo za Krismasi: Kutoka Kitabuni Hadi Kwenye Kaseti

Katika historia nyingi za sharika, kwaya hutajwa mwishoni, baada ya wachungaji, majengo na sadaka. Hata hivyo, mengi ambayo Wakristo wetu wanayajua juu ya kuzaliwa kwa Bwana waliyapokea kwa kuimba kabla hawajaweza kuyasoma. Kwa hiyo inafaa, katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia, tutazame nyimbo za Krismasi zilivyotufikia na kwa nini kuzirekodi ni sehemu ya kuandika historia ya Kanisa.

Katika Kagera, habari hii ni ndefu. Wamisionari wa Betheli, ambao walikuwa wamefika Rwanda 1907, walianza kazi Bukoba 1910. Huko waliwakuta Wahaya waliokwisha kuisoma Injili kwa Kiganda. Kutoka Ujerumani walileta nyimbo za kwao, na zile za Krismasi zikashika mizizi upesi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, waalimu wenyeji waliendeleza ibada. Baada ya 1939 Wajerumani waliondolewa tena, na Wasweden wakaja kushika nafasi yao. Wamisionari walibadilika, lakini nyimbo zilibaki, kwa sababu zilikuwa zimekaa vichwani mwa watu.

Nyimbo hizo twaziita za kale. Lakini zilipotungwa zilikuwa mpya, na zilikuwa za watu wa mahali fulani. Martin Luther aliandika wimbo wake maarufu wa Krismasi, Vom Himmel hoch, kwa ajili ya watoto. Ulipochapishwa 1535 uliimbwa kwa sauti ya wimbo wa mafumbo uliojulikana na wananchi, na sauti tuijuayo leo ilitokea 1539. Stille Nacht nao, ambao kwetu huimbwa kila mkesha wa Krismasi, maneno yake yaliandikwa na padre Joseph Mohr 1816, na sauti ikatungwa na mwalimu Franz Xaver Gruber. Uliimbwa mara ya kwanza katika kanisa la Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, ukisindikizwa na gitaa. Basi anayedai kwamba Krismasi haiwezi kuimbwa kwa ala za wananchi anawasahau waliotuletea nyimbo hizo.

Tena, wimbo uliohama lugha haubaki ulivyokuwa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: katika neno usiku mkazo uko kwenye si. Kijerumani kina maneno mengi mafupi yenye silabi moja nzito, kama Nacht, nayo hupewa noti ndefu mwishoni mwa fungu. Mfasiri anapoweka neno la Kiswahili mahali hapo, noti ndefu huangukia silabi isiyo na mkazo. Waimbaji wetu wametatua tatizo hilo bila kuandikiwa: huvuta hapa, hupunguza pale, huongeza mwitikio kati ya mafungu. Kitabu cha Mwimbieni Bwana kinatupa maneno, lakini hakiwezi kutuonyesha mvuto huo. Hata nota za do, re, mi, ambazo kwaya zetu hujifunzia sauti nne, haziandiki pigo la ngoma wala vigelegele. Mambo hayo hukaa katika masikio ya waimbaji, na mwimbaji akifariki huondoka nayo.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya kurekodi. Kanisa la Kilutheri lilitambua jambo hilo mapema. Tarehe 26 Februari 1963 redio ya Shirikisho la Kilutheri Duniani ilizinduliwa Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili. Redio hiyo ilitwaliwa na serikali ya Ethiopia Machi 1977. Miaka iliyofuata, kaseti ziliziwezesha kwaya kusikika mbali na sharika zao. Desturi ya kueneza nyimbo za Krismasi kwa njia ya redio inajulikana pia kwingineko: ibada ya masomo tisa na nyimbo, iliyoanzishwa na Askofu Edward Benson huko Truro, Uingereza, 1880, ilichukuliwa na King's College ya Cambridge 1918, na tangu 1928 redio imeifikisha kwa mamilioni.

Lakini hatari ipo. Kwaya ya kanisa kuu ikirekodi nyimbo za kale peke yake, itaonekana kana kwamba Kristo alizaliwa Ulaya tu. Ikirekodi mpya peke yake, itakata uzi unaotuunganisha na waliotutangulia. Vyote viwili vyahitajika katika kaseti moja. Tunao mfano mzuri, ingawa ni wa Pasaka. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, alitunga Mfurahini, Haleluya kwa sauti ya asili. Mmisionari Howard Olson aliukusanya pamoja na nyingine katika Tumshangilie Mungu. Leo wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha Wajerumani, namba 116. Waliotuletea nyimbo wameimba wa kwetu. Hata hivyo, usingevuka bahari kama hakuna mtu aliyeuweka mahali pa kudumu.

Wahangaza na Washubi wa Ngara nao wana sauti zao, za kubembeleza mtoto na za kumpokea mgeni, na Krismasi ni sikukuu ya mtoto na ya mgeni. Kutoka Mabawe hadi Biharamulo, kwaya ikitunga wimbo wa namna hiyo, ifanye mambo matatu kabla ya mwaka kwisha. Iurekodi. Iandike jina la mtunzi, lugha, mwaka na kila ala iliyopigwa. Iweke nakala mahali pawili, kwa kuwa utepe wa kaseti huharibika kwa joto na unyevu, na simu hupotea pamoja na vilivyomo.

Wazee wetu walipoachwa peke yao wakati wa vita, walikuwa na kumbukumbu tu, nayo ikatosha kulivusha Kanisa. Sisi tumepewa kumbukumbu pamoja na vyombo vya kuihifadhi. Watakaoandika historia ya miaka mia ijayo watatuuliza tuliimba nini siku ya Krismasi, na tuliimbaje. Swali la kwanza litajibiwa na kitabu. La pili litajibiwa na sauti zetu wenyewe, iwapo tutakuwa tumewaachia.