Ukale wa Majengo ya Miti katika Japani

Desturi yetu ni kuupima ukale wa jengo kwa umri wa mawe yake. Wajapani, waliojenga kwa miti, watuonyesha vipimo viwili vingine.

Katika hekalu la Kibudha la Horyu-ji, karibu na Nara, ukumbi mkuu ni miongoni mwa majengo ya miti yaliyo makongwe kuliko yote duniani. Tarehe 26 Januari 1949 moto uliziunguza picha za kale zilizochorwa katika kuta zake. Hasara hiyo ndiyo iliyohimiza sheria ya 1950 ya kulinda mali za utamaduni.

Huko Ise, penye hekalu la dini ya Shinto, mambo ni mbali. Nguzo huchimbiwa ardhini pasipo msingi wa mawe, na paa huezekwa kwa nyasi; kwa hiyo huoza upesi. Tangu mwaka 690 desturi ni kulijenga upya hekalu la ndani kila baada ya miaka 20, katika kiwanja cha kando, kwa umbo lile lile. Ujenzi wa 62 ulitimizwa mwaka 2013.

Je, Ise ni mpya? La. Horyu-ji yahifadhi mti wenyewe. Ise yahifadhi ujuzi wa mafundi. Nao ujuzi una hatari zake: vita vya karne ya 15 na ya 16 viliikatiza desturi hiyo kwa zaidi ya miaka 100.