Haki ya Shoka: Historia ya Msitu wa Epping

Katika mji wa Loughton, kaskazini-mashariki mwa London, kuna ukumbi wa matofali mekundu uliofunguliwa mwaka 1884. Juu ya mlango wake mmoja fundi ameweka sanamu za watu walio kazini, wanafyeka matawi ya miti. Unaitwa Lopping Hall, yaani Ukumbi wa Wakata Matawi. Fedha za kuujenga zilitokana na fidia. Watu wa Loughton walikuwa na haki ya kukata kuni msituni tangu enzi za mababu zao, na haki hiyo ilipofutwa walilipwa. Sehemu kubwa ya malipo ndiyo ikawa jengo hilo.

Naanzia mlangoni pa ukumbi kwa sababu historia ya Msitu wa Epping husimuliwa mara nyingi kama habari ya malkia na wafadhili wake. Hao wamo, na tutawafikia. Lakini aliyeusimamisha msitu huu ni mkata kuni.

Msitu wenyewe ni utepe mrefu wa miti, nyasi na madimbwi, uliolala juu ya mgongo wa kokoto kati ya mito miwili, Lea na Roding. Unaanzia viwanja vya Wanstead, ubavuni mwa mitaa ya mashariki ya London, kisha unapanda kaskazini kilomita 19 hivi hadi kuupita mji wa Epping. Upana wake ni mdogo, na eneo lote ni kama hekta 2,400. Ndani yake yamo maboma mawili ya udongo, Ambresbury Banks na Loughton Camp, yaliyochimbwa kabla Warumi hawajatia mguu Uingereza.

Katika karne ya 12 wafalme waliuweka chini ya sheria ya msitu. Siku hizo msitu wa mfalme haukuwa lazima uwe na miti. Ulikuwa eneo la kuwindia, na vijiji na mashamba yaliyokuwa ndani yake yalifungwa na sheria hiyo hiyo. Mfalme Henry VIII alijengewa jukwaa la ghorofa huko Chingford mwaka 1543 ili kutazama windo, na nyumba hiyo ya mbao ingali imesimama, ingawa leo inaitwa kwa jina la binti yake, Elizabeth. Kulungu walikuwa wa mfalme. Ardhi ilikuwa ya makabaila. Wanakijiji nao walikuwa na fungu lao: kulisha ng'ombe humo, na katika baadhi ya vijiji, kukata kuni.

Ukataji wenyewe ulikuwa na adabu yake. Mti haukuangushwa. Mkataji aliupogoa juu ya kimo cha mtu, mahali ambapo ng'ombe na kulungu hawawezi kufikisha mdomo, akaliacha shina. Machipukizi yalitoka pale pale, yakanenepa kwa miaka kadhaa, kisha shoka likarudi. Mkulima wa Embu au Meru anayepogoa mgrevilea mpakani mwa shamba lake angeitambua kazi hiyo bila kuelezwa. Baada ya karne tatu au nne za kukatwa na kuchipua, kichwa cha shina huvimba kikawa kama ngumi, kikajaa makovu, mashimo na vifuko vya maji ya mvua. Humo hukaa popo, uyoga, na wadudu wanaokula mbao iliyooza na wasioweza kuishi penginepo. Miti ya aina hiyo ni zaidi ya 50,000 katika Epping: mialoni, biichi yenye gome laini la kijivu, na honibimu, ambayo mbao yake ni ngumu kama pembe. Wengi hudhani shoka hupunguza umri wa mti. Mti uliopogolewa vizuri huishi kuliko ndugu yake aliyeachwa, kwa kuwa haubebi uzito wa kuangushwa na upepo.

Hatari ilikuja kutoka kwa uzio. London ilikuwa inapanuka, bei ya ardhi inapanda, na makabaila wakaona faida katika kujizungushia vipande vya msitu na kuviuza. Mfano ulikuwa jirani. Msitu wa Hainault, pacha wa Epping, ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1851, na baada ya muda mfupi miti yake mingi ilikuwa imeng'olewa ili kupisha mashamba. Katika miaka ya 1860 zamu ya Loughton ikafika. Mwenye ardhi alikuwa John Whitaker Maitland, ambaye pia alikuwa kasisi wa kijiji. Alizungushia uzio zaidi ya ekari 1,000.

Hapo ndipo anapoingia mzee Thomas Willingale. Msimu wa kukata kuni ulifunguliwa usiku wa manane wa tarehe 11 Novemba, na watu waliamini kwamba mwaka ambao hakuna mtu atakayekata tawi saa hiyo, haki itakufa milele. Masimulizi ya Loughton yanasema kwamba usiku mmoja wakataji walialikwa karamu yenye pombe tele, kusudi saa sita iwakute wamelewa. Willingale aliinuka mezani, akaenda msituni gizani, akarudi na tawi mkononi. Masimulizi ni masimulizi. Kilichoandikwa katika kumbukumbu za mahakama ni kwamba mwaka 1866 watu wa ukoo wake, mwanawe akiwemo, walifungwa jela kwa kukata matawi yaliyokuwa ya baba zao, na kwamba mwaka huo huo mzee alimfungulia Maitland kesi.

Kibarua hawezi peke yake kugharimia kesi dhidi ya kabaila. Alisaidiwa na chama cha kutetea ardhi za jumuiya, kilichoundwa mwaka 1865 na watu kama mbunge George Shaw-Lefevre na mwanafalsafa John Stuart Mill. Willingale alifariki mwaka 1870 kabla hukumu haijatoka, na kesi ikafa naye. Lakini miaka ile minne ilikuwa imetosha. Wakati kesi iko mahakamani, uzio ulisita, na London nzima ikawa imesikia. Mwezi Julai 1871 maelfu ya watu wa mitaa ya mashariki walikusanyika Wanstead na kuung'oa uzio mpya kwa mikono.

Aliyepokea kijiti hakutarajiwa. Katika miaka ya 1850 serikali ya Jiji la London ilikuwa imenunua ardhi upande wa kusini wa msitu kwa ajili ya makaburi. Ardhi ile ilikuja na haki ya malisho, na kwa mujibu wa mila, mwenye haki hiyo angeweza kulisha msitu mzima. Kwa hiyo Jiji likawashtaki makabaila likiwa mfugaji miongoni mwa wafugaji. Mwezi Novemba 1874 jaji George Jessel aliamua kwamba uzio wote uliowekwa tangu mwaka 1851 ni haramu. Jiji likaanza kununua ardhi, kwa fedha zilizotokana na ushuru wa nafaka iliyoingia bandarini. Sheria ya mwaka 1878 ikaukabidhi msitu mikononi mwake, kwa amri ya kuuhifadhi katika sura yake ya asili, na wenye haki ya malisho wakapewa kuchagua wazee wanne wa kukaa barazani. Tarehe 6 Mei 1882 Malkia Victoria alifika kwa treni Chingford, akapanda gari la farasi hadi High Beach, na mbele ya umati mkubwa akauweka msitu wakfu kwa starehe ya watu wake.

Sheria ile ile ilikomesha ukataji wa kuni. Wenye kuitunga walipenda miti, na machoni mwao mti uliopogolewa ulikuwa kilema. Honibimu na biichi zilizozoea shoka ziliachwa zikue. Matawi yakawa manene kama mashina, vivuli vikafungana, nyasi na maua ya uwazini yakakosa jua. Vichwa vya kale vilianza kupasuka kwa uzito. Wasimamizi walipoamua kupunguza miti, walielekea kuifyeka honibimu ili msitu ufanane na bustani. Mshairi William Morris, aliyezaliwa Walthamstow na kucheza humo utotoni, aliandika magazetini mwaka 1895 kuitetea.

Mmoja wa wazee wale wa baraza anatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Edward North Buxton, mjukuu wa Thomas Fowell Buxton aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, aliutumikia msitu kwa zaidi ya miaka 40. Mtu huyo huyo alisafiri Afrika, akachapisha kitabu cha safari hizo mwaka 1902, na mwaka 1903 akaanzisha chama cha kulinda wanyamapori wa himaya ya Uingereza, kilichoishinikiza serikali itenge mapori ya akiba katika makoloni, ya kwetu yakiwemo. Epping aliketi barazani kwa sababu wafugaji walikuwa na kura. Kura hiyo haikusafiri naye. Mwindaji wa Kikamba hakuulizwa, wala hakulipwa hata thamani ya tofali moja la ukumbi wa Loughton. Alipokuta pori limefungwa, jina lake likawa jangili.

Leo msitu una majirani wa aina nyingine. Barabara kuu ya M25 inapita chini yake tangu mwaka 1984, ndani ya handaki la Bell Common, na juu ya handaki kuna kiwanja cha kriketi. Moshi wa magari hunenepesha udongo uliopaswa kuwa maskini, na biichi zinauchukia. Sehemu kubwa ya msitu imelindwa kisheria kwa ajili ya biichi hizo, hata mipango ya nyumba za wilaya jirani hulazimika kupimwa kwanza kwa moshi utakaoongezeka. Jiji nalo limenunua zaidi ya hekta 700 za mashamba pembezoni ili mji usigusane na miti. Ng'ombe wenye pembe ndefu wamerudishwa malishoni, wakivaa kola zinazotoa mlio wakikaribia mpaka usioonekana.

Na shoka limerudi, safari hii mikononi mwa waajiriwa wa Jiji wenye misumeno ya injini. Kazi haiendi haraka. Biichi iliyokaa zaidi ya karne bila kukatwa hufa ukiinyoa yote kwa mara moja, kwa hiyo hupunguzwa kidogo, ikaachwa miaka ipumue, kisha ikarudiwa. Honibimu ni mvumilivu zaidi. Kandokando yake kuna miche michanga ambayo imekatwa vichwa kwa mara ya kwanza, juu tu ya mdomo wa ng'ombe, na machipukizi yake bado ni membamba kama kidole.